Mgeni wa Arusi na Mashine ya Picha

Leo kila mgeni wa arusi aja na simu yake, na mara nyingine bibi arusi haonekani tena kwa wingi wa mikono iliyoinuliwa. Desturi hiyo ilianzaje?

Mwaka 1839, ufundi wa Daguerre ulipotangazwa Paris, mwenye kupigwa picha alipaswa kukaa kimya bila kutikisika. Mwaka 1858 Malkia Victoria wa Uingereza alipigwa picha pamoja na binti yake siku ya arusi ya binti huyo. Malkia alitetemeka, na sura yake ikatoka na ukungu. Ufundi wa namna hiyo haukuweza kufuata maarusi mpaka altareni. Mambo yaligeuka mwaka 1888, Mmarekani George Eastman alipouza Kodak, mashine ndogo yenye kutoa picha 100. Mwaka 1900 ikatoka Brownie, kwa dola 1 tu. Tangu hapo hata mgeni aliweza kuwa mpiga picha.

Kwetu Kongo twamkumbuka Jean Depara. Mwaka 1950 alinunua mashine ndogo apate ukumbusho wa arusi yake mwenyewe. Baadaye akawa mpiga picha mashuhuri wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Basi, picha si adui wa ndoa.

Lakini kila jambo lina kiasi chake. Tarehe 25 Mei 1967, agizo la Roma liitwalo Eucharisticum Mysterium lilitaka upigaji picha usivuruge ibada, na kanuni za askofu zifuatwe. Mwaka 2017 Papa Fransisko alikumbusha kwamba padri hutuambia tuinue mioyo, si simu.

Sababu yake ni wazi. Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, Kanisa lataka ahadi ya ndoa itolewe mbele ya padri na mashahidi. Sisi wageni nasi twaitwa kuisikia na kuiombea. Akiisikia nusu kwa kutafuta picha, mgeni atawakumbusha nini maarusi siku ya taabu?

Kwa hiyo tumwulize padri kabla ya Misa. Tusiondoke mahali petu, tusiwashe taa ya mashine, tusimzibe mama wa bibi arusi. Mpiga picha aliyechaguliwa na jamaa afanye kazi yake. Wakati wa ahadi, mikono yetu ishuke, masikio yafunguke. Nje ya kanisa nafasi ni tele, na nyuso zina furaha zaidi.