Kalagu! Kize! Historia fupi ya waliokusanya maneno ya Usukuma

Msukuma anapotega kitendawili husema "Kalagu!" na wasikilizaji humjibu "Kize!" Wito huo ulikuwa wa shikome, moto wa jioni ambao banamhala, yaani wazee wa kiume, waliuota pamoja na vijana. Hapo zilisimuliwa habari za watemi, yakatajwa majina ya mababu, na methali ikatolewa pale ilipohitajika. Juhudi ninazozikumbuka hapa zilianza wakati moto huo unafifia.

Ulififishwa na mengi. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulifungua ardhi ya Geita kwa walowezi wapya, na kaya nyingi zikahamia magharibi na mifugo yao. Mwaka 1963 utemi ukafutwa kisheria. Ngoma za enzi na viti vya watemi vikabaki bila cheo cha kuvilinda. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Wasukuma, ambao kwa desturi mji wa mtu mmoja hukaa mbali na wa jirani yake, wakapangwa nyumba kwa nyumba kandokando ya barabara. Waliohamishwa walibeba vyungu na majembe. Mahali pa kukaa na wajukuu jioni hapakubebeka.

Miongoni mwa walioliona pengo hilo mapema, hata kabla ya Operesheni Vijiji, na kulifanyia kazi walikuwa watu wa Bujora, karibu na Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alishirikiana na wenyeji kukusanya vifaa vya watemi, waganga, wahunzi na wachezaji ngoma, na Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa mwaka 1968. Wenyeji walimwita Fumbuka. Jengo la vifaa vya watemi lilipewa umbo la kiti cha enzi. Jengo jingine ni la ngoma, na linaeleza ushindani wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyojihesabu kuwa wafuasi wa waasisi wao, Ngika na Gumha. Mashindano yao hayana jaji mwenye kalamu: pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Mpaka leo vumbi la mashindano hayo hutimka Bujora kila Juni, katika sikukuu ya Bulabo.

Kati ya yote yaliyohifadhiwa Bujora, kinachonigusa zaidi si ngoma wala kiti. Ni maneno ya kuhesabia. Kila rika lilikuwa na maneno yake ya moja hadi kumi, tofauti na ya rika jingine. Kiti cha mtemi ukikisahau darini miaka hamsini, bado utakikuta, hata kama mchwa wamekula mguu mmoja. Maneno ya kuhesabia yakikosa mtu wa kuyatamka kwa kizazi kimoja tu, yamekwisha, na hakuna fundi wa kuyachonga upya.

Kwa sababu hiyo naiheshimu sana kamati ndogo ya utafiti ya Parokia ya Ndoleleji, wilayani Kishapu, katika Jimbo la Shinyanga. Yenyewe haikujenga jumba. Wanakijiji, wakiwa na Padri Donald Sybertz, Mmarekani wa Shirika la Maryknoll, walikutana kila wiki kukusanya methali, vitendawili, hadithi na nyimbo za Kisukuma, kujadili maana zake na kuzitafsiri kwa Kiswahili. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo huiona nyepesi. Methali ikiandikwa peke yake ni ganda. Lazima ujue nani humwambia nani, na baada ya kosa gani. Hilo halipatikani kwa mzee mmoja wala kwa alasiri moja.

Sybertz na mwenzake Joseph Healey waliyatumia matunda ya kazi hiyo katika Kueneza Injili kwa Methali (1984), Kugundua Mbegu za Injili (1993), na kitabu cha Kiingereza kilichotoka Nairobi mwaka 1996. Methali moja ya Kisukuma waliyoisambaza imesafiri mbali na nyumbani: nilikuonyesha nyota, nawe ukatazama kidole changu.

Lengo lao lilikuwa mahubiri, na ni haki kulisema wazi. Mkusanyaji anayetafuta mfano wa kufundishia dini huokota kwanza kinachomfaa. Matusi ya utani na maneno ya matambiko yanahitaji mkusanyaji mwingine. Hata hivyo, bila watu wa Ndoleleji tungekuwa na kidogo mno cha kubishania.

Kishapu hiyohiyo ndiko ulikokuwa utemi wa Busiya, alikotoka Mtemi Kidaha Makwaia, mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945. Tamasha la Sanjo ya Busiya hukusanya watu Ukenyenge kila mwaka, na ni jambo la kushukuru.

Lakini upande wa Geita na Kahama, walikohamia wengi, ndiko kwenye deni kubwa. Wajukuu wa waliohama wako kwenye maduara na makarasha ya machimbo ya dhahabu, wamechanganyika na watu wa kila mkoa, na Kisukuma chao kimekuwa cha salamu na bei. Siwalaumu; mtu huenda kwenye riziki. Lakini bibi zao bado wako hai, wengine Nyarugusu, wengine Mwakitolyo, na simu ya mkononi inaweza kurekodi sauti usiku kucha. Nenda wiki hii. Mwashie moto, umwombe akutegee. Akisema "Kalagu!", mjibu "Kize!", kisha uandike jina lake, kijiji chake na tarehe.