Neno na Vazi Lake

Kabla kompyuta hazijaingia viwanda vya uchapaji, mswada uliokwenda kwa mpanga herufi ulikuwa na maandishi ya aina mbili. Kulikuwa na maneno ya mwandishi, na kulikuwa na alama za mhariri zilizotiwa pembeni kwa kalamu ya rangi: hiki ni kichwa, hapa weka herufi nene, hapa anza aya mpya. Mpanga herufi alizisoma alama hizo na kuzitii, na msomaji aliyenunua kitabu hakuziona kamwe. XML, ambayo wengi huidhania kuwa shughuli ya mafundi wa kompyuta peke yao, ni kitukuu cha kalamu hiyo.

Mitambo ya mwanzo ya kupanga herufi kwa kompyuta ilizichukua alama hizo kwa upande mmoja tu. Iliambiwa ukubwa wa herufi, upana wa mstari na mahali pa kuacha nafasi. Yaani iliambiwa neno livae nini, haikuambiwa neno hilo ni nani. Tena kila mtambo ulikuwa na amri zake, hata kitabu kilichopangwa kwa mmoja kikawa kigeni kwa mwingine. Septemba 1967, katika mkutano kwenye Ofisi ya Uchapaji ya Serikali ya Kanada, William Tunnicliffe alitoa hoja kwamba yaliyomo katika hati yatenganishwe na sura yake. Karibu na wakati huo Stanley Rice, msanifu wa vitabu wa New York, alikuwa akipendekeza orodha ya alama za kutajia sehemu za kitabu. Yafaa wasanifu wakumbuke jambo hili, kwani wengi wao waliiona XML kama njama ya kuwanyang'anya kazi, kumbe mmoja wa waliolitia wazo hilo mbegu alikuwa mwenzao.

Mwaka 1969, katika kampuni ya IBM, Charles Goldfarb, ambaye kwa elimu yake alikuwa mwanasheria, pamoja na Edward Mosher na Raymond Lorie, walitaka hati za ofisi za sheria zihaririwe, zitafutwe na zichapwe kwa programu zinazoelewana. Wakabuni lugha ya alama waliyoiita GML, na herufi hizo ni za mwanzo za majina yao matatu. (Unyenyekevu haukuwa sharti la kazi.) Mtoto wake, SGML, alikubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1986.

Faida yake ilionekana katika kamusi kubwa ya Oxford. Mradi wa kuiingiza katika kompyuta ulianza mwaka 1984, na kila kipande cha maandishi kikatiwa alama za jamaa hiyohiyo: hiki ni kitomeo, hii ni maana, hii ni nukuu. Toleo la pili likatoka mwaka 1989 katika majuzuu 20. Mwaka 1992 kamusi hiyo ilitolewa katika diski, na mwaka 2000 ikaingia kwenye intaneti. Lau alama zingetaja ukubwa wa herufi tu, nani angeweza kuiamuru kompyuta imtafutie nukuu zote za karne fulani?

Lakini SGML ilikuwa nzito, na wenye mfuko mdogo waliikwepa. Tim Berners-Lee, alipobuni HTML huko CERN karibu na Geneva, aliazima umbo lake na kuchukua alama chache tu. Wasanifu walipoingia kwenye tovuti katikati ya miaka ya 1990 walikuta chombo kisichojua urembo, wakakilazimisha: majedwali ya kushikilia safu, picha zisizoonekana za kusukumia maneno. Kanuni za CSS za Desemba 1996 zilileta kabati la mavazi. Kikundi kilichoongozwa na Jon Bosak kikaipunguza SGML uzito, na tarehe 10 Februari 1998 XML ikatangazwa.

XML haileti alama zake yenyewe. Wewe ndiye unayezitaja, na kwa lugha uitakayo. Chukua shairi la Kiswahili. Mshororo wake una ukwapi na utao, na msanifu wa kitabu huvipanga vipande hivyo kwa kuacha nafasi katikati, vina vikaonekana vikishuka sambamba. Maandishi hayo yakinakiliwa kwenye ukurasa wa HTML, nafasi nyingi hugeuka moja, na vina vya kati humezwa ndani ya mstari. Mwenye XML ataandika <ubeti>, <mshororo>, <ukwapi> na <utao>. Kisha ataamuru kwamba kitabuni utao ukae mkono wa kulia wa ukwapi, na kwenye kioo chembamba cha simu ushuke chini yake. Wasioona vizuri watapata chapa ya herufi kubwa kutoka faili ileile. Shairi halijaguswa hata nukta. Ila kutia alama hizo beti mia tatu ni kazi ya kuchosha, na mchapaji mdogo asiyetarajia toleo la pili ana haki ya kuuliza nani atamlipa.

Kwenye tovuti XML haikutawala kama ilivyotabiriwa. XHTML ya mwaka 2000 ilitaka usahihi mkali: ikisomwa kama XML halisi, alama moja isiyofungwa yatosha kivinjari kukataa ukurasa. Watu hawakuvumilia, toleo lake la pili liliachwa mwaka 2009, na HTML5 ikakamilika mwaka 2014. XML ilijikita kwingine: katika michoro ya SVG, katika vitabu vya EPUB, na katika faili za Word tangu toleo la 2007. Anayetaka kuhakikisha na anakili faili ya docx, abadili mwisho wa jina liwe zip, aifungue. Atayakuta maneno yake yamezungukwa na mabano yenye ncha. Na penye kichwa cha habari mara nyingi atakuta alama ya herufi nene tu, kwa kuwa mwandishi alikikoleza wino asikiite kichwa.