Je, Sullust iko Kenya? Namna ya kusoma hekaya za Star Wars na gemu zake

Haya wasomaji, leo tuweke kando kidogo mambo ya seva na lugha za programu, ingawa hifadhidata moja itajitokeza huko mbele. Mada ya leo ni ya wapenzi wa sinema na gemu, lakini mimi naiona kuwa ni mada ya historia. Soma hadi mwisho ndipo ubishe.

Mwaka 1983 ilitoka sinema ya Return of the Jedi, ya tatu katika mfululizo wa Star Wars. Ndani yake yumo rubani mfupi mwenye masikio makubwa na mashavu yanayoning'inia, anaitwa Nien Nunb. Ameketi kando ya Lando Calrissian katika chombo cha Millennium Falcon, wanaelekea kuilipua Death Star ya pili. Anasoma vyombo, anatoa tahadhari, anacheka. Mtazamaji wa Marekani alisikia sauti ya kiumbe wa anga za mbali. Mtazamaji wa Kenya alisikia Kikuyu.

Hii si porojo ya mtandaoni. Aliyetoa sauti ile ni Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani. Alizungumza Kikuyu na pia Kikalenjin, na maneno yake yakawekwa kinywani mwa kikaragosi kilichochezeshwa na Mike Quinn. Sinema ilipofika Kenya, watu walifurahi kumsikia kiumbe wa sayari nyingine akiongea lugha ya nyumbani. Mwaka 2015, zaidi ya miaka 30 baadaye, Rotich na Quinn walirudi kumfanya Nien Nunb yule yule katika The Force Awakens.

Sasa swali. Kamusi za Star Wars zinasema Nien Nunb anatoka sayari ya Sullust, yenye volkano, ambako watu huishi chini ya ardhi katika mapango na miji ya chini kwa chini. Zinasema lugha yake ni Kisullust. Mwenzangu wa Nyeri anasema ni Kikuyu. Nani mkweli?

Jibu rahisi ni kwamba wote ni wakweli. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu halituambii ukweli wa kila mmoja unafanya kazi wapi. Tuanze na kazi ya fundi.

Fundi wa sauti wa Star Wars ni Ben Burtt. Kazi yake ilikuwa kuwapa viumbe wa ajabu lugha ambazo zitasikika kama lugha kweli. Kubuni lugha kutoka hewani ni vigumu: masikio ya binadamu hugundua haraka kwamba mtu anabwabwaja tu. Kwa hiyo Burtt alitafuta lugha za kweli ambazo watazamaji wengi wa Marekani hawazijui. Wale Jawa wadogo wa jangwani, wenye kofia za kahawia, msingi wa sauti yao ni Kizulu kilichoharakishwa. Lugha ya Jabba ilichochewa na Kiquechua cha milima ya Andes. Wale Ewok wenye manyoya walipata sehemu kubwa ya maneno yao kutoka Kikalmyk, lugha ya jamii ya Kimongolia iliyoko Urusi. Na rubani wa Sullust alipata lugha zetu.

Tazama jambo moja zaidi. Jabba anapoongea, maandishi ya tafsiri hutokea chini ya picha. Nien Nunb hakuwekewa tafsiri yoyote. Mtazamaji wa Kiingereza anabahatisha maana kutokana na majibu ya Lando. Maana yake ni kwamba katika ukumbi wa sinema wa London au Chicago, kila mtu alikuwa anakisia. Katika ukumbi wa Nairobi, mama aliyetoka Murang'a alikuwa anaelewa moja kwa moja. Kwa dakika chache zile, yeye ndiye aliyekuwa mtaalamu wa Star Wars kuliko wote.

Sasa tuingie kwenye gemu, maana watu wengi hudhani sinema ndiyo iliyozaa hekaya yote. Sivyo. Mwaka 1987 kampuni ya West End Games ilitoa mchezo wa mezani wa Star Wars, ule wa kuigiza wahusika kwa karatasi na dadu. Mchezo wa namna hiyo unadai maelezo: mchezaji akiuliza huyu mwenye pembe kichwani ni kabila gani, lazima kitabu kijibu. Kwa hiyo waandishi wa gemu wakaketi na kuwapa majina na historia viumbe ambao katika sinema walipita tu nyuma ya meza. Majina kama Twi'lek na Rodian yalitoka huko. Timothy Zahn alipoandika riwaya ya Heir to the Empire, iliyotoka 1991, alipewa vitabu vya mchezo huo avifuate. Yaani gemu ikawa marejeo ya riwaya.

Baadaye zikaja gemu za kompyuta. Katika Knights of the Old Republic ya mwaka 2003, iliyotengenezwa na BioWare, viumbe wengi husema vipande vichache vya sauti vinavyorudiwa rudiwa, huku maandishi kwenye skrini yakisema jambo tofauti kila mara. Mtu wa programu anaelewa sababu: sauti hula nafasi ya diski na pesa za studio, maandishi hayali kitu. Lakini ukiisoma gemu kama hekaya, kiumbe anasema maneno yale yale kumi kuomba msaada, kutukana na kuuza bunduki. Usianze kutunga nadharia ya sarufi yao! Hapo hakuna siri ya sayari, kuna bajeti tu. Na mwaka 2016 Nien Nunb mwenyewe aliongezwa katika gemu ya Battlefront, ile iliyotoka 2015 ikiwa na Sullust kama uwanja wa vita.

Vitu vilipozidi kuwa vingi, vilianza kugongana. Riwaya inasema hivi, gemu inasema vile. Mwaka 2000 Leland Chee wa Lucasfilm alianza kutunza hifadhidata iitwayo Holocron, iliyoweka kila mhusika, sayari na tukio. Kila kitu kilipewa ngazi ya mamlaka kwa herufi. G ilikuwa ya George Lucas mwenyewe, yaani sinema. T ilikuja kuwa ya televisheni. C ilikuwa ya riwaya na kazi nyingine za kawaida, S ya mambo ya ziada, N ya yasiyohesabika. Taarifa mbili zikigongana, yenye ngazi ya juu inashinda. Kwetu sisi waandika programu huo ni uamuzi wa kawaida kabisa: ukishaweka kanuni ya nani anashinda, mgogoro umekwisha.

Umekwisha kweli? Lucas alibadilisha sinema ya kwanza ya 1977 alipoitoa upya mwaka 1997, na lile tukio la Han Solo na Greedo kupigana risasi likaguswa tena 2004 na tena 2019. Mwaka 2012 Disney ilinunua Lucasfilm, na Aprili 2014 ikatangazwa kwamba riwaya na gemu karibu zote za nyuma sasa zitaitwa Legends, yaani si historia rasmi tena. Siku moja tu, miaka mingi ya masimulizi ikahamishwa kabati. Mwenye hekaya ana haki hiyo kisheria. Lakini mwanahistoria anajifunza hapa kwamba "rasmi" ni tarehe na saini ya mtu. Usiulize tu hekaya inasema nini, uliza pia ilisema hivyo mwaka gani na kwa amri ya nani.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana mambo haya hatukuyaanza na Star Wars. Babukusu wana makundi makuu ya koo, na mojawapo huitwa Basilikwa. Jina hilo limo pia katika masimulizi ya Wakalenjin, wanaosema kuhusu watu wa kale walioitwa Sirikwa. Na ukitoka Bumula ukapanda kuelekea Kitale na nyanda za Uasin Gishu, utakuta mashimo ya duara ardhini, mengi sana, yanayoitwa mashimo ya Sirikwa. Kwa muda mrefu watu walisema wale wa kale waliishi ndani ya mashimo. Wazungu wa enzi za ukoloni nao wakaandika hivyo. Mwanaakiolojia John Sutton alipoyachunguza na kuchapisha kazi yake 1973, alionyesha kwamba mashimo yale yalikuwa mazizi ya mifugo, na nyumba zilijengwa pembeni yake.

Hebu pima. Je, wazee walidanganya? Hapana. Jina walilihifadhi sawasawa, wafugaji walikuwepo kweli, na mahali ni pale pale. Kilichopotea ni matumizi ya shimo. Hekaya ilibeba jina salama kwa karne kadhaa, ikakosea zizi kuwa nyumba. Anayeitupa yote kwa sababu ya kosa hilo ametupa na jina. Anayeimeza yote anaishi na watu wa mashimoni ambao hawakuwepo.

Mfano wa pili uko Mlima Elgon. Joseph Thomson alifika kwenye mapango yake mwishoni mwa 1883, akakuta watu na mifugo wakiishi humo. Alipoona ukubwa wa mapango akadhani yamechimbwa na watu wa zamani. Leo tunajua kwamba katika mapango kama Kitum tembo huingia gizani usiku na kung'oa ukuta kwa pembe kutafuta chumvi. Thomson alikuta swali lisilo na jibu, akalijaza kwa taifa la kale lililopotea. Washabiki wa gemu hufanya hivyo hivyo kila siku.

Karibu miaka 100 baada ya Thomson, sinema moja ikamtoa rubani kutoka sayari ya watu wa mapangoni, akiongea lugha za Kenya. Najua unachotaka kusema! Usikiseme. Hakuna ushahidi wowote kwamba watengeneza sinema waliifikiria Elgon, na mapango ya Sullust hayatoki kwetu. Sadfa ni sadfa.

Lakini sauti si sadfa. Sauti ilitoka kwa mtu mwenye jina, na hapa ndipo suala linapotugusa. Burtt alihitaji lugha ambayo msikilizaji wake ataiona kama kelele nzuri. Kizulu, Kiquechua, Kikalmyk, Kikuyu: kila moja ina wenyewe, ina methali na matusi na nyimbo za kubembeleza watoto. Sikuiona nia mbaya katika kazi ya Burtt. Ila tujue kwamba kelele ni kelele kwa asiyeelewa tu. Mtoto wa Bumula anayeona haya kuongea Lubukusu mbele ya wenzake, akidhani lugha ya nyumbani haiwezi kwenda popote, ajue kwamba lugha za majirani zake zilishafika hadi Death Star, na hazikuwekewa tafsiri.

Tena kuna hili. Jina Kipsang Rotich ni la Kikalenjin, na Kikuyu alikizungumza vizuri. Lugha hizo mbili zilitoka kinywani mwa mtu mmoja. Tuliokuwa huku Magharibi na Bonde la Ufa wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,000 waliuawa nchini, tunajua lahaja ya mtu ilivyoweza kuamua kama atavuka kizuizi cha barabarani. Mkalenjin anayejua Kikuyu, au Mbukusu anayejua Kisabaoti, si jambo la sinema. Ndivyo watu wa mipakani walivyoishi siku zote, sokoni na kwenye maji ya mifugo. Hilo nalo ni historia, na halimo katika Holocron.

Basi ukitaka kusoma hekaya, iwe ya Sullust au ya Silikwa, fanya mambo matatu. Kwanza, tenganisha kilicho ndani ya hadithi na kilicho nje yake: ndani ni Kisullust, nje ni Kikuyu, na usivichanganye. Pili, uliza nani aliyeamua na lini. Tatu, tafuta kile ambacho msimulizi hakukusudia kukuachia: jina la ukoo, shimo ardhini, sentensi isiyotafsiriwa. Mara nyingi hicho ndicho kitu kigumu zaidi kukibadilisha kwa tangazo la ofisi.

Kwa hiyo Sullust haiko Kenya. Lakini mtu akikuambia Kenya haimo katika Star Wars, mwekee ile sehemu ya Millennium Falcon, mwite jirani Mkikuyu na jirani Msabaoti, kisha mwache asikilize wakimtafsiria. Tukutane wiki ijayo, tunarudi kwenye seva.