Ufa ulio pembeni ya kiungo

Wandugu, kuna vakansi moja nilirudi Kasongo nikakuta mulini ya mihogo ya mtaa wetu imevunjika mguu. Fundi, yule tunamwita sudeu, akalehemu kipande cha chuma cha kawaida kwenye mguu ule wa chuma cha kumimina. Kazi ilionekana safi. Kesho yake asubuhi tukaona ufa mwembamba kama unywele, si kwenye kiungo chenyewe, ila pembeni yake. Mamaa wakarudia kinu. Watu wakasema fundi ni mwizi. Na mimi nilisema hivyo, na diploma yangu mkononi.

Kumbe haukuwa wizi. Chuma cha kumimina kina kaboni asilimia 2 mpaka 4. Kikipata moto mkali mahali pamoja halafu kikapoa haraka, pale pembeni panakuwa pagumu kama kioo. Metali inapopoa inajivuta, na kitu kigumu hakijui kunyooka. Kinapasuka.

Kuunga chuma si jambo la kigeni kwetu. Cameron alipopita Manyema mwaka 1874 alikuta watu wanayeyusha chuma wao wenyewe. Mhunzi aliunga chuma na chuma kwa moto na nyundo, basi. Taabu huja metali zikiwa hazifanani. Shaba inayeyuka kwa nyuzi 1085, chuma kwa 1538. Shaba ikiwa maji inapenya katikati ya chembe za chuma, na chuma kikijivuta kinafunguka palepale.

Miaka ya 1950 Ulaya walitafuta moto mwingine. Mjerumani Steigerwald alitengeneza mashini yake mwaka 1952. Mfaransa Stohr, kwenye kazi za atomiki, naye akafika kwa njia yake. Elektroni zinarushwa kwa makumi ya maelfu ya volti ndani ya sanduku lililotolewa hewa. Moto unazama ndani sana lakini upana wake ni mdogo, kwa hiyo pembeni hapaungui sana.

Hapa ndipo Maniema inaingia. Koltani yetu ina tantali na niobi, na metali hizi zikiwa moto zinakunywa hewa, halafu zinavunjika ovyo. Ndiyo maana lile sanduku linazifaa. Lakini si dawa ya yote: tantali ikichanganyika na chuma inazaa kitu kigumu kinachopasuka hata bila hewa, mpaka uweke metali ya tatu katikati. Gunia linatoka kwetu. Kiungo chake sijawahi kukiona kwa macho.

Nilienda kwa fundi kumwomba radhi. Nikamweleza apashe mguu wote moto kwanza, kisha aufukie kwenye majivu upoe polepole. Akasema majivu anayajua toka zamani, ila siku ile wenye mulini walimkimbiza. Nikamsimulia na mashini ya elektroni. Alisikiliza vizuri, halafu akauliza:

“Sasa mtoto wangu, hiyo inakula litri ngapi za mazutu?”