Kaseti kuukuu ya mchezo wa video: namna inavyogeuzwa kuwa kifaa cha kompyuta

Kaseti ya mchezo wa video ni kasha la plastiki lenye bodi ndogo ya saketi, na juu ya bodi hiyo ipo chipu inayobeba mchezo wenyewe. Huchomekwa katika mashine iliyounganishwa na televisheni, na mchezo ukaanza. Leo nyingi kati ya kaseti hizo zimekaa kimya kwa sababu mashine zake zimekufa. Wapenzi wa elektroniki, hasa Marekani, Ulaya na Japani, wamezipatia kazi ya pili: huiondoa bodi ya mchezo na kuweka mahali pake flashi, kisoma kadi au habu, yaani kile kifaa kinachogawa tundu moja la USB la kompyuta kuwa manne.

Jambo hili laweza kuonekana mchezo mtupu. Hata hivyo, kwa wakazi wa Nchelenge na Kashikishi, na kwa familia za makazi ya Mantapala yaliyofunguliwa mwaka 2018 kuwapokea waliokimbia mapigano nchini Kongo, flashi moja yaweza kubeba picha za vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya mitihani na masomo ya mwaka mzima. Kitu kidogo kama ukucha hupotea upesi, na kikiachwa kikining'inia kwenye kompyuta huvunjika shingo. Kasha la ukubwa wa kiganja halipotei kirahisi hivyo.

Mashine ya kwanza ya nyumbani iliyotumia kaseti zenye chipu ilitoka mwaka 1976 nchini Marekani, nayo ni Fairchild Channel F. Kazi ya kuiunda iliongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ikatoa Famicom nchini Japani, na miaka michache baadaye viwanda vya Asia vikaanza kuiiga. Mashine hizo za kuiga ziliuzwa Urusi kwa jina la Dendy, Afrika Kusini kwa jina la Golden China, na kwingineko kwa majina chungu nzima. Ndizo zilizofika pia katika nyumba nyingi za Afrika, pamoja na kaseti zilizojigamba kuwa na michezo 9,999, ilhali ndani mlikuwa na michezo michache iliyorudiwa rudiwa.

Kaseti hizo za bei rahisi zina faida moja kwa fundi: ndani ni tupu. Chipu yake mara nyingi ni tone jeusi la gundi ngumu juu ya kibodi chembamba, na sehemu kubwa ya kasha ni hewa. Hata zile halisi za Nintendo zilizouzwa Marekani zilikuwa na nafasi kubwa iliyobaki wazi.

Kabla ya kufungua, hakikisha kwamba kaseti imekufa kweli. Safisha meno yake ya shaba kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha yakauke, kisha ijaribu tena. Ile desturi yetu ya utotoni ya kuipuliza kwa mdomo haikuwa dawa. Unyevu wa pumzi huyaozesha meno hayo. Kaseti inayocheza bado na iachwe icheze.

Kasha la aina ya Famicom kwa kawaida hushikwa na ndoano za plastiki zilizomo ndani, hivyo hufunguliwa kwa kupitisha kitu chembamba ubavuni, polepole. Kaseti za Marekani hutumia skrubu za kichwa cha pekee zisizokubali bisibisi ya kawaida. Mafundi huyeyusha ncha ya kalamu ya plastiki, huikandamiza juu ya skrubu hadi ipoe, na kalamu ikawa bisibisi. Baadhi ya kaseti zina betri bapa ya kuhifadhi alama za mchezaji. Hiyo iondolewe bila kuichoma moto wala kuunganisha ncha zake, na iwekwe mbali na watoto, kwani ikimezwa huunguza koo.

Kisha vua ganda la habu au flashi mpya na ulaze bodi yake ndani ya kasha. Pale ambapo meno ya mchezo yalitokeza ndipo waya wa USB utakapotokea. Waya huo kwa kawaida una nyuzi nne: nyekundu ya umeme wa volti 5, nyeusi ya ardhi, nyeupe na kijani za data. Nyekundu na nyeusi zikibadilishana, kifaa huungua. Kwa asiye na uzoefu wa kuchomelea risasi, ni heri kuacha waya wa kiwandani kama ulivyo, kutoboa tundu kwa tupa, na kufunga fundo ndani ili waya usivutike. Anayechomelea afungue dirisha na anawe mikono, kwa maana risasi ni sumu.

Habu haizalishi umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na habu isiyo na chaja yake huzigawa: karibu 100 kwa kila tundu. Zinatosha kipanya, kibodi au flashi, lakini hazitoshi diski kuu ya kuzunguka. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Ziwa Kariba na umeme ukakatika kwa saa nyingi nchini Zambia, tofauti hiyo ilihisiwa na kila aliyetegemea betri ya kompyuta au sola.

Kuna tofauti nyingine ambayo kasha haliwezi kuificha. Chipu ya mchezo wa zamani iliandikwa kiwandani mara moja, haifutiki, na nyingi zinasomeka baada ya miaka 40. Flashi hushikilia data kwa chaji ndogo ya umeme inayovuja taratibu ikiachwa kabatini miaka mingi. Basi nyaraka za familia ziwekwe mahali pawili, na zilindwe kwa nywila, maana kaseti inayofanana na kitu cha kuchezea huazimwa na kila mtoto wa jirani.

Mtoto huyo aweza pia kuisukuma ndani ya mashine ya mchezo iliyo hai. Kwa hiyo bodi ya zamani iondolewe yote, na mdomo wa kasha uzibwe kwa kipande cha plastiki ili chuma chochote kisiguse meno ya mashine. Kasha hili halizuii maji: anayevuka kwa mtumbwi kwenda Kisiwa cha Kilwa aifunge kwanza katika mfuko wa nailoni.