Nani Huiacha Shule, na Shule Humwacha Nani?

Msemo wetu "kuacha shule" una hila ndani yake: humfanya mwanafunzi kuwa mtenda na shule kuwa mtendwa. Katika takwimu za sekondari za Tanzania, sababu inayoongoza mwaka baada ya mwaka ni "utoro". Huwaambia wanafunzi wangu kwamba utoro si sababu, bali ni jina jingine la tukio lenyewe. Kusema mtoto ameacha shule kwa utoro ni sawa na kusema marehemu amefariki kwa kukata roho. Sababu tutaipata tukiifuata historia.

Chini ya Waingereza, mchujo ulifanyika mlangoni. Shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Hata kwa Waafrika mlango haukuwa mmoja. Shule ya Tabora iliasisiwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wana wa machifu, na shule za misheni zilishamiri Kilimanjaro na Bukoba, ambako kahawa ilileta fedha ya ada. Tulipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wote wa sekondari Tanganyika walikuwa takribani 12,000. Kuacha sekondari hakukuweza kuwa tatizo la umma, kwa kuwa umma haukuwamo.

Serikali ya uhuru ilifuta utengano wa rangi shuleni mwaka 1962, na ada ya sekondari mwaka 1964. Nafasi, hata hivyo, zilibaki chache. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilikabili jambo hilo bila kificho: elimu ya msingi iwe imekamilika yenyewe, kwa kuwa walio wengi hawataendelea. Mtihani wa darasa la saba ukawa ndio chujio. Aliyekwama hapo hakuhesabiwa kuwa ameacha shule. Alihesabiwa kuwa amemaliza.

Mageuzi makubwa yalikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004. Wananchi walisomba mawe, wakachanga fedha, na shule za kata zikasimama. Mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Sikubaliani na wanaozibeza shule hizo, maana zimewapokea watoto ambao historia ilikuwa imewafungia nje. Lakini mchujo haukufa. Ulitoka mlangoni ukahamia ndani.

Mtoto wa mkulima, aliyefundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba, huingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Mwenzake aliyelipiwa shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza haukuti ukuta huo. Anayeishi mbali hutembea kilomita nyingi kwa tumbo tupu, ama hupanga chumba mtaani, wenyewe hukiita geto, akajipikia na kujilinda angali na miaka 14. Mtoto wa mfugaji hulazimika kuchagua kati ya darasa na mifugo inayohama kufuata maji.

Msichana alibeba haya yote na zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikawekwa katika fungu hilo. Ni Novemba 2021 tu Serikali ilipotangaza kwamba waliokatishwa masomo kwa kujifungua wanaweza kurudi. Mabinti hao hawakuiacha shule. Shule iliwaacha.

Suala hili sasa lina uzito mpya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, hadi kidato cha nne. Elimu ikiwa ya lazima, asiyehudhuria huwa mkosaji, na mzazi wake aweza kufikishwa mahakamani. Tukiingia katika zama hizo na safu moja iliyoandikwa "utoro", tutauadhibu umaskini tukidhani tunauadhibu uzembe.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaojaza fomu hizo waivunje safu hiyo: waandike umbali, njaa, lugha, michango, mifugo, kazi za kuajiriwa, ujauzito. Wanaharakati wadai takwimu hizo zitolewe kata kwa kata. Nanyi wanafunzi wangu, kabla ya kuuliza kwa nini kijana fulani aliondoka, ulizeni kwanza ni nini kilichokuwapo cha kumfanya abaki.