Transista Ogania: Asili ya Kitu na Asili ya Jina

Miongoni mwa istilahi zinazoweza kumpotosha mfasiri wa maandishi ya sayansi ni ile ya transista ogania ifanyayo kazi ndani ya elektrolaiti, yaani majimaji yenye ioni. Mwenye haraka ataiita "transista hai", kwa kuwa neno ogania asili yake ni mambo ya viumbe, na kwa kuwa chombo chenyewe hutumiwa kupimia jasho, damu na mishipa ya fahamu. Hilo ni kosa, na ili tulione hatuna budi kurejea historia.

Transista ya kwanza ilifanya kazi Desemba 1947 katika maabara za Bell, New Jersey, Marekani, mikononi mwa John Bardeen na Walter Brattain, katika kundi lililoongozwa na William Shockley. Jina lilibuniwa mwaka 1948 na John Pierce. Kazi ya kitu hicho ni kuuwezesha umeme mdogo kuutawala mkubwa. Kwa muda mrefu kilikuwa chombo kikavu, ambacho maji na chumvi vilihesabiwa kuwa adui zake. Mwaka 1970 Piet Bergveld wa Uholanzi aliutumia uadui huo kwa faida: katika transista ya silikoni aliondoa lango la metali, akayaacha majimaji yaguse kihami chake, ili ioni za mwilini zipimike. Hata hivyo, ioni hizo ziliishia juu ya uso wa chombo.

Hatua iliyofuata ilitokana na polima. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walitangaza kwamba poliasetilini ikitiwa iodini hupitisha umeme vizuri. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Mwaka 1984 Henry White, Gregg Kittlesen na Mark Wrighton, huko Massachusetts, walifunika elektrodi ndogo za dhahabu kwa polipiroli, wakazitumbukiza katika elektrolaiti, wakapata transista.

Ufanyaji kazi wake ni huu. Katika polima itumikayo sana, PEDOT:PSS, lango linapopewa volti chanya, ioni chanya hutoka katika majimaji na kuingia ndani ya polima. Chaji zinazochukua umeme hupungua, na mkondo nao hupungua. Kwa kuwa unene wote wa polima hushiriki, si uso peke yake, badiliko dogo katika majimaji huleta badiliko kubwa katika mkondo. Tena volti isiyofika moja hutosha. Jambo hili ni muhimu, maana volti kubwa huyavunja maji. Mwaka 2013 Dion Khodagholy, George Malliaras na wenzao walieleza jinsi walivyonasa kwa transista hizo ishara za umeme juu ya ubongo wa panya.

Sasa turudi kwenye jina. Mwanzoni mwa karne ya 19 Berzelius wa Sweden alitenga kemia ya vitu vya viumbe na kemia ya vitu visivyo na uhai. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler alitengeneza urea bila ya figo ya mnyama wala mtu, na mpaka huo ukaanza kubomoka. Tangu hapo neno ogania likaja kumaanisha misombo ya kaboni, iwe imetoka mwilini au kiwandani. Basi transista hii haina uhai wowote. Wala haifai kuiita "transista ya kaboni", kwa sababu zipo nyingine zilizotengenezwa kwa vineli vya kaboni tupu. Wala si ogania kwa maana ya mkulima azungumzapo mbolea ya samadi.

Kwa hiyo twapendekeza "transista ogania ya kielektrokemia": neno la kwanza lataja chombo, la pili mada yake, la tatu njia yake ya kufanya kazi. Huenda msomaji akaliona refu. Lakini na tumfikirie mgonjwa anayesomewa fomu ya ridhaa kabla ya kupasuliwa, akaambiwa kwamba kitu "hai" kitawekwa juu ya ubongo wake. Akikataa, atakuwa amekikataa kitu kisichokuwapo; akikubali, atakuwa amekubali asichokijua. Katika hali zote mbili kosa litakuwa la mfasiri.